Barua ya wazi kuhusu makao makuu ya reli ya Nairobi: kabla ya nyundo ya kwanza, tuonyesheni daftari

Kwa:
Waziri wa Barabara na Uchukuzi,
Bodi ya Wakurugenzi ya Shirika la Reli la Kenya,
Gavana wa Kaunti ya Nairobi,
Mkurugenzi Mkuu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya,
Wadhamini wa Mfuko wa Pensheni wa Wafanyakazi wa Reli.

KUH: MAJENGO YA MAKAO MAKUU YA RELI, MAKAVAZI YA RELI NA NYUMBA ZA WAFANYAKAZI NDANI YA MRADI WA MJI WA RELI WA NAIROBI

Waheshimiwa,

Ninawaandikia nikiwa mtoto wa reli. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa boila katika karakana ya Nairobi, nasi watoto wake tulilelewa Muthurwa, katika nyumba za safu ambako hapakuwa na haja ya saa ya ukutani kwa sababu king'ora cha karakana kilimwamsha kila mtu, awe mfanyakazi wa reli au asiwe. Alipostaafu alirudi nyumbani na daftari la jalada gumu alimokuwa ameandika kwa penseli, mwaka baada ya mwaka, kila injini iliyopita mikononi mwake: namba yake, jina lake, na bomba zilizobadilishwa. Daftari hilo liko mezani ninapoandika, nami nitalirudia kabla sijaweka kalamu chini.

Mradi wa Mji wa Reli unahusu takriban ekari 425 za ardhi iliyo katika kitovu cha Nairobi, kusini mwa Barabara ya Haile Selassie na mashariki mwa Barabara Kuu ya Uhuru. Ulizinduliwa Desemba 2022 na Rais William Ruto akiwa pamoja na James Cleverly, aliyekuwa wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, na usanifu wa kituo kikuu kipya ukakabidhiwa kampuni ya Atkins ya nchi hiyo. Tumeahidiwa stesheni ya kisasa, ofisi, maduka, makazi na bustani. Mimi si mpinzani wa ahadi hizo. Mtu yeyote aliyewahi kushuka garimoshi la asubuhi kutoka Ruiru, akasukumwa na umati hadi kwenye lango jembamba, kisha akatokea kwenye msongamano wa matatu, matope na mikokoteni, hawezi kutetea hali iliyopo. Stesheni hiyo ilitakiwa kupanuliwa zamani.

Kinachonifanya niandike ni mazoea ya kulizungumzia eneo hili kana kwamba ni uwanja mtupu uliokuwa ukingoja mwekezaji. Michoro tuliyoonyeshwa ni ya maghorofa ya vioo na miti ambayo haijapandwa. Kuhusu yale yaliyosimama pale sasa, yaani ofisi za makao makuu, maghala, karakana, makavazi, kilabu na nyumba, mwananchi hajawekewa mbele yake orodha iliyo wazi inayosema jengo hili litabaki, lile litabadilishwa matumizi, na lile litabomolewa kwa sababu hii na ile. Orodha hiyo ndiyo ninayoiomba. Mengine yote katika barua hii ni maelezo ya kwa nini ninaiomba.

Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, na mwishoni mwa Mei 1899 mataruma yakafika kwenye uwanda wenye majimaji ambao Wamaasai walikuwa wakinyweshea mifugo yao, na ambao maji yake baridi ndiyo yaliyoupa mji jina lake. Mhandisi mkuu, George Whitehouse, alihamishia hapo makao makuu ya reli kutoka Mombasa mwaka huohuo kwa sababu za kiufundi tu: palikuwa tambarare, palikuwa na maji, na mbele yake kulikuwa na mwinuko na mteremko wa Bonde la Ufa ambao haungeweza kukabiliwa bila bohari na karakana karibu. Utawala wa mkoa ukafuata kutoka Machakos, kisha, katika muongo uliofuata, makao ya utawala wa nchi nzima nayo yakaletwa kutoka Mombasa. Barabara ya Haile Selassie yenyewe iliitwa Whitehouse hadi baada ya uhuru. Ndiyo kusema kwamba ofisi ya reli ilitangulia, na jiji likaja kupanga kwake. Takriban vibarua 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kujenga njia hiyo, na karibu 2,500 kati yao hawakurudi kwao wala hawakubaki hai hapa. Kutoka enzi hizo tumerithi hata maneno: landi, yaani nyumba za safu za wafanyakazi, limebaki katika Barabara ya Landhies na katika mtaa wa Landi Mawe, ingawa vijana wanaopita humo leo hawana habari ni nani aliyelala humo.

Tangu hapo majengo haya yamebadilisha wenyewe mara nyingi kuliko yalivyopakwa rangi. Reli ya Uganda iligeuka kuwa reli ya Kenya na Uganda, nayo tarehe 1 Mei 1948 ikaunganishwa na reli ya Tanganyika kuwa shirika moja la reli na bandari la Afrika Mashariki. Mkataba wa ushirikiano uliotiwa saini Kampala mwaka 1967 ukagawa mashirika: makao makuu ya bandari yakaenda Dar es Salaam, ya posta na simu yakaenda Kampala, ya reli na ya ndege yakabaki Nairobi. Kwa miaka hiyo, ofisi zilizo kando ya stesheni yetu hazikuwa za Wakenya peke yao. Maamuzi yaliyotoka humo yalimgusa mshika bendera wa Kigoma, karani wa tiketi wa Tabora na fundi wa Kasese, na baba yangu alifanya kazi benchi moja na watu wa pande zote hizo, wakigombana kwa Kiswahili cha Tanga na cha Kisumu.

Kisha ukaja mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, kila nchi ilibaki na kilichokuwa ndani ya mipaka yake usiku ule, na kazi ya kuhesabu, kuthamini na kugawana mali na madeni ya mashirika ya pamoja ikachukua miaka mingi. Ni 1984 tu ndipo, kwa usuluhishi wa Victor Umbricht kutoka Uswisi, nchi tatu zilitia saini makubaliano yao Arusha. Ninalitaja jambo hili si kwa ajili ya kufukua ya kale, bali kwa sababu kila karani aliyeishi kipindi hicho anajua somo lake: kilichokuwa kimeandikwa kwenye daftari la mali kilidaiwa na mwenyewe akapatikana, na ambacho hakikuandikwa hakikuwa na wa kukiulizia.

Shirika la Reli la Kenya lilianzishwa kwa sheria mwaka 1978. Mwaka 2006 uendeshaji wa reli ukakodishwa kwa kampuni ya Rift Valley Railways, na mwaka 2017 ukodishaji huo ukavunjwa. Tarehe 31 Mei ya mwaka huo reli mpya ya kisasa, ile ya SGR, ikaanza kazi, na kituo chake cha Nairobi kikawa Syokimau, mbali na hapa. Huo ndio mpito mkubwa kuliko yote, ingawa haukutangazwa kwa jina hilo. Msafiri wa Mombasa aliyekuwa akipanda behewa la kulala kwenye jukwaa la stesheni kuu, mizigo yake ikiandikwa chaki, sasa huja hapa, kama akija, ili kupanda garimoshi dogo la kumpeleka kwenye garimoshi kubwa. Makao makuu yalibaki mahali pake, lakini kazi iliyoyazaa ilihama. Ndipo ardhi ikaanza kuonekana kuwa ni ardhi tu.

Nianze na makavazi, kwa kuwa ndiyo ninayoyajua zaidi. Makavazi ya Reli yalifunguliwa mwaka 1971, wakati shirika lilipokuwa bado la nchi tatu. Watoto wa shule hukimbilia behewa ambamo Charles Ryall, mkuu wa polisi wa reli, alikamatwa na simba usiku wa kuvizia huko Kima mwaka 1900. Walimu hulazimika kuwavuta kwa shati watoke. Mimi huenda kwanza kwenye injini namba 5918. Ni moja ya injini 34 za mvuke za daraja la 59, za aina ya Garratt, zilizoundwa na Beyer, Peacock wa Manchester katika miaka ya 1950, kila moja ikiwa na uzito wa zaidi ya tani 250 na kila moja ikiwa imepewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Hii inaitwa Mount Gelai, na Gelai uko Tanzania, kando ya Ziwa Natron. Karibu nayo iko namba 3020, ambayo ubavuni ina bango la Nyaturu, jina la watu wa Singida. Mtanzania anayefika Nairobi akaingia ua ule huwa anasimama, anasoma, kisha anacheka peke yake. Zile ni mali zilizobaki upande huu wa mpaka, nasi ni watunzaji wake zaidi ya kuwa wamiliki.

Sasa hapa pana jambo la kiufundi ambalo ninaogopa halitaonekana kwenye michoro ya wasanifu, na ambalo naomba wahandisi wa Shirika walisimamie bila haya. Injini hizo mbili zimewahi kuwashwa moto tena baada ya kustaafu na kutoka uani kwa nguvu zao wenyewe, zikivuta mabehewa. Liliwezekana kwa sababu ua wa makavazi una njia ya reli yenye upana wa mita moja iliyounganishwa na njia za stesheni. Njia hiyo ni fupi, imefunikwa na nyasi sehemu nyingine, na kwa macho ya mtu anayepanga maegesho ya magari haina thamani yoyote. Lakini ikikatwa, hata kwa upana wa barabara moja ya kuingilia maduka, injini nzito namna hiyo zitakuwa zimefungiwa mahali pale hadi zioze, kwa kuwa hakuna lori la kawaida la kuzibeba bila kuzikata vipande. Kuhamisha makavazi hadi eneo lingine, jambo ambalo mara nyingi hupendekezwa na watu wanaodhani makavazi ni picha na meza za vioo, kungekuwa na matokeo hayohayo kama reli haitangulii kufika huko. Ombi langu hapa ni jepesi kutekelezwa: mchoro wa njia hiyo utolewe hadharani, uonyeshe inapoanza na inapoungana na stesheni mpya, na upewe ulinzi sawa na ule wa bomba la maji taka ambalo hakuna mkandarasi angethubutu kulifukia.

Kuna pia nyaraka. Makao makuu ya shirika lililohudumia nchi tatu hayakuzalisha tiketi tu. Yalizalisha michoro ya madaraja, ramani za viwanja vya kila stesheni, orodha za wafanyakazi, barua za nidhamu, hesabu za ajali. Mjane wa dereva wa treni aliyezaliwa Morogoro na akafia Nakuru anaweza kuhitaji karatasi moja kati ya hizo ili kuthibitisha miaka ya utumishi ya mumewe. Nimeshuhudia, katika kazi zangu za kawaida, ofisi moja ikihama na majalada yake yakatolewa kwa mikokoteni chini ya mvua za masika, yakafunikwa na turubai lililotoboka. Sitaitaja, kwa sababu waliohusika walikuwa wakifuata amri ya kumaliza kazi kufikia Ijumaa. Naomba isiwe Ijumaa ya aina hiyo hapa. Kabla ya dawati lolote kuhamishwa, Shirika na Idara ya Kitaifa ya Nyaraka wapitie kila chumba, waandike kilichomo, na waseme kitakaa wapi na nani atakuwa na ufunguo. Na kwa kuwa sehemu ya historia hiyo ni ya majirani zetu, ingekuwa adabu njema Dodoma na Kampala wakapewa nakala ya orodha hiyo bila kuombwa.

Nimewahi kuambiwa na msomi mmoja kwamba jengo la ofisi haliwezi kubaki ofisi za reli milele, na kwamba njia ya kuliokoa ni kulifanya hoteli. Huenda. Sina chuki na hoteli. Lakini Nairobi ina mifano yake ya majengo yaliyobadilishiwa kazi bila kufungiwa wenye jiji nje. Ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa, ambako watu waliandikishia vizazi, ndoa na vifo, leo ni Nairobi Gallery, na mtu yeyote anaweza kuingia. Nyaraka za kitaifa ziko ndani ya jengo lililokuwa benki, kwenye Barabara ya Moi, na sanamu ya Tom Mboya iko mbele yake. Hata KICC, ambalo kwa wageni ndilo sura ya jiji, wazo lake lilianza kama makao makuu ya chama cha KANU kabla halijageuka kuwa ukumbi wa mikutano ya kimataifa lilipofunguliwa mwaka 1973. Kubadilisha matumizi si kitu kigeni kwetu. Tofauti huwa ni kama mlango utabaki wazi.

Tena si kweli kwamba lazima kazi ya reli iondoke. Kule Mumbai, ambako baadhi ya wajenzi wa reli yetu walipandia meli, stesheni iliyokamilika mwaka 1888 ilijengwa kuwa makao makuu ya kampuni ya reli na kituo cha abiria kwa pamoja. Ikaingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2004, na hadi leo ndani yake mna ofisi za reli huku mamilioni ya watu wakipita chini yake kwenda kazini. Jengo linalotumiwa na wenye kazi yake hupata fundi wa paa mapema kuliko jengo linalongoja mtalii. Pendekezo langu, basi, ni kwamba ofisi kuu za Shirika zibaki katika jengo lao la mawe, hata kama ghorofa kadhaa zitafunguliwa kwa chumba cha kusomea nyaraka, ofisi ya pensheni na maonyesho, na kwamba maduka na ofisi za kukodisha zijengwe kwenye maghala na viwanja ambavyo kweli vimepitwa na wakati, na vipo vingi.

Washirika wetu Waingereza wana mfano wao ambao bila shaka mmeonyeshwa, nao ni King's Cross huko London. Eneo la reli na maghala la takriban ekari 67 liligeuzwa mtaa mpya. Ghala la nafaka la mwaka 1852 likawa chuo cha sanaa kuanzia 2011, na matangi ya zamani ya gesi yakawekwa nyumba za kuishi ndani ya nguzo zake za chuma. Kazi ya mikono pale ni nzuri, na waliookoa majengo yale walianza kwa kuyaorodhesha. Lakini someni ukurasa wa pili pia. Viwanja na njia za mtaa ule ni mali ya mwenye eneo, si za halmashauri, na mwaka 2019 ilibainika kwamba kamera za kutambua nyuso za wapita njia zilikuwa zimetumika humo bila watu kujua. Kwa hiyo swali langu kwa Gavana ni hili: njia na bustani za Mji wa Reli zitakuwa za kaunti au za kampuni? Mwanafunzi ataweza kukaa kwenye benchi bila kununua kahawa? Mama muuza njugu, ambaye amelisha abiria wa stesheni hii kwa miaka yote ambayo serikali zilikuwa zikibadilisha mipango, atakuwa na mahali pake, au atafukuzwa na mlinzi mwenye redio ya mkononi? Majibu ya maswali haya huandikwa kwenye mkataba wa ardhi, kwa hiyo mkataba huo tuuone kabla haujatiwa saini. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaeleza utaratibu wake. Ingekuwa vizuri tusilazimike kuutumia.

Ng'ambo ya pili ya barabara, mkabala na stesheni, kuna kona ambayo kwa bei ya ardhi ya leo ingejengwa mnara wa ghorofa thelathini. Haikujengwa. Baada ya bomu la tarehe 7 Agosti 1998, lililolipua ubalozi wa Marekani uliokuwa hapo na kuua watu zaidi ya 200 katika jiji hili, kona hiyo ilifanywa bustani ya kumbukumbu. Watu huingia pale wakati wa chakula cha mchana na kulala kwenye nyasi. Hakuna mhasibu aliyewahi kuthibitisha faida yake, na hakuna anayethubutu kupendekeza iuzwe.

Sasa nyumba. Ninajua suala hili ni la wadhamini wa pensheni zaidi ya la Shirika, kwa kuwa mwaka 2006, reli ilipokodishwa, ardhi na nyumba kadhaa ziliwekwa chini ya mfuko ili malipo ya wastaafu yapatikane. Baba yangu alikula pensheni hiyo, kwa hiyo siwezi kujifanya kwamba mfuko hauna haki ya kutafuta mapato. Lakini wastaafu na wapangaji wa Muthurwa si makundi mawili ya maadui. Mara nyingi ni mtu na mtoto wake. Mwaka 2013 Mahakama Kuu, katika kesi ya wapangaji hao dhidi ya wadhamini, ilitambua kwamba mfuko ni mmiliki, kisha ikasema kwamba namna watu walivyokuwa wakiondolewa ilikiuka haki zao, na ikataka pande zote zikae pamoja kupanga utaratibu wa kuhama. Hukumu hiyo imeandikwa kwa lugha iliyo wazi, na mtu yeyote anayeandaa ratiba ya ujenzi wa Mji wa Reli angepaswa kuwa nayo kwenye meza kama alivyo na ripoti ya udongo. Ninachoomba ni kwamba kila familia iliyo ndani ya mipaka ya mradi ihesabiwe kabla ya notisi, ijue mahali ilipotengewa kabla ya kufunga virago, na kwamba sehemu ya nyumba mpya zitakazojengwa ziwe za kodi ambayo mfanyakazi wa reli wa leo, mfagiaji wa behewa au mkata tiketi, anaweza kuilipa. Vinginevyo tutakuwa tumejenga mji wa reli ambamo mtu wa reli hawezi kulala.

Zaidi ya hapo ningependa angalau safu moja ya landi ibaki ilivyo, na bomba lake la maji la nje, na jiko lake la pamoja. Najua wengine wataniona mwendawazimu kwa kutaka kuhifadhi vyumba ambavyo sisi wenyewe tuliviona vidogo mno. Lakini nchi hii imehifadhi nyumba za magavana na vilabu vya wazungu kwa uangalifu mkubwa, na mtoto anayetembezwa humo anaweza kudhani kwamba wakoloni ndio waliokuwa wakiishi na wengine wote walikuwa wakipita tu.

Makavazi ya Kitaifa yana mamlaka katika jambo hili chini ya Sheria ya Makavazi na Urithi ya mwaka 2006, inayoruhusu jengo au eneo kutangazwa rasmi kuwa la kuhifadhiwa. Mkurugenzi Mkuu, ombi langu kwako ni kwamba ofisi yako ipite katika eneo zima kabla ya mkandarasi, si baada yake, na kwamba matokeo ya ukaguzi yachapishwe jengo kwa jengo: umri wake, hali yake, kilichomo, kinachopendekezwa, na jina la cheo cha atakayewajibika. Bodi ya Shirika iweke orodha hiyo mahali ambapo mtu asiye na intaneti anaweza kuisoma, kwa mfano ubaoni katika ukumbi wa stesheni ambapo zamani palikuwa pakibandikwa nyakati za treni, na ipatikane kwa Kiswahili. Waziri atoe muda wa kutosha wa maoni, nao mikutano ifanyike jioni au Jumamosi, kwa sababu wanaoitumia stesheni hii hawana nafasi ya kukaa kwenye hema saa nne asubuhi siku ya Jumanne kusikiliza hotuba. Na ardhi ya makao makuu, kwa vile ilikuwa ya umma hata ilipokuwa ya wakoloni, isiuzwe. Ikodishwe kwa muda unaojulikana na kwa masharti yanayosomeka, ili wajukuu wetu wawe na la kuamua muda huo utakapokwisha.

Nilisema nitarudi kwenye daftari la baba. Katika ukurasa mmoja, kwa mwandiko wake wa kulala upande, ameandika 5918 na jina la mlima, na chini yake idadi ya mabomba aliyoyabadilisha yeye na wenzake wawili, ambao majina yao nimeyasoma kwa sauti zaidi ya mara moja. Kwa muda mrefu nimetaka kulikabidhi daftari hili kwa Makavazi ya Reli, likae karibu na injini yenyewe, kwa kuwa nyumbani kwangu lina hatari ya mchwa na ya wajukuu. Nimelifunga kwenye karatasi mara mbili na mara mbili nimelifungua. Tafadhali nijulisheni, kwa barua au kwa tangazo la umma, makavazi yatakuwa wapi mwaka ujao na kama reli bado itafika uani. Nikishapata jibu hilo nitalileta mwenyewe, asubuhi, kwa garimoshi.

Wenu mwaminifu,

Binti wa fundi wa boila,
mkazi wa zamani wa Muthurwa, Nairobi.